Anga Lilipofungwa: Wageni wa Gander, Septemba 2001

Asubuhi ya Jumanne, 11 Septemba 2001, mamia ya ndege za abiria zilikuwa juu ya Bahari ya Atlantiki, zikitoka Ulaya kuelekea Marekani. Waliokuwamo ndani walikuwa katika ile hali ya msafiri wa masafa marefu, ambaye si wa nchi aliyotoka wala si wa nchi aendako: wengine usingizini, wengine wakila, wengine wakihesabu saa zilizosalia. Saa 2:46 kwa saa za New York ndege ya kwanza iligonga mnara wa kaskazini wa Kituo cha Biashara cha Dunia. Saa 3:03 ya pili iligonga mnara wa kusini. Ilipofika saa 3:45 wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani walitoa amri ambayo haikuwahi kutolewa kabla yake: kila chombo kilichoko angani kishuke katika uwanja ulio karibu, na kisiruke kingine. Ndege zilizokuwa juu ya nchi hiyo wakati huo zilizidi 4,000.

Amri hiyo iliwahusu pia waliokuwa baharini. Waliokuwa hawajafika kati ya safari waligeuzwa na kurudi Ulaya. Waliokwisha kupita nusu hawakuwa na mafuta ya kuwarudisha, na mlango wa mbele umefungwa. Hapo ndipo Kanada ilipowafungulia. Lakini haikuwafungulia kwa moyo mweupe usio na hofu, na jambo hili hupotea katika simulizi nyingi za siku zile. Hakuna aliyejua kama ndani ya ndege zilizosalia wamo washambuliaji wengine. Kwa sababu hiyo zilizotoka Ulaya hazikuruhusiwa kukaribia Toronto wala Montreal. Zilielekezwa kwenye viwanja vya ukingo wa mashariki, mbali na miji mikubwa. Halifax ilipokea ndege 47. Mji mdogo wa Gander, katika kisiwa cha Newfoundland, ulipokea 38, zikiwa na watu karibu 6,600. Wenyeji wa mji wenyewe hawakufika 10,000.

Inafaa kuuliza mji wa watu wachache namna hiyo ulipata wapi njia ndefu za kutosha ndege kubwa 38. Jibu lake ni historia nzima ya usafiri wa anga katika karne ya ishirini. Uwanja wa Gander ulianza kujengwa mwaka 1936 ndani ya msitu, kwa kuwa Newfoundland ndiyo pembe ya Amerika ya Kaskazini iliyochomoza mno kuelekea Ulaya. Ndege ya kwanza ilitua hapo Januari 1938. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, ndege za kivita zilizotengenezwa Amerika zilipitia Gander kabla ya kuvuka bahari kwenda Uingereza. Vita vilipokwisha, wasafiri wa raha walichukua nafasi ya askari, kwani ndege za zama hizo hazikuweza kuvuka Atlantiki bila kutia mafuta. Waigizaji wa sinema, wafalme na mawaziri walishuka Gander usiku wa manane, wakanywa kahawa, wakaondoka. Mwaka 1959 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua ukumbi mpya wa wasafiri. Ajabu ya mambo ni kuwa wakati huo huo ndege za jeti zilikuwa zimeshaanza kuvuka bahari kwa mruko mmoja. Gander ikabaki kama bandari ambayo majahazi hayaishi tanga hapo tena: gati lipo, mawimbi yapo, wageni hawapo.

Msomaji wa mwambao hahitaji kufafanuliwa sana habari hiyo. Miji mingi ya Waswahili ilikuwa mikubwa kwa sababu ya upepo. Jahazi lililokuja na kaskazi lilipaswa kuusubiri kusi ili lirejee, na baharia aliyekosa msimu alikaa kwa miezi, akala, akaoa, akazaa, akazikwa. Pwani ilijenga adabu zake juu ya huyo mtu aliyekwama. Gander nayo ilijengwa juu ya msafiri asiyeweza kuendelea, ijapokuwa tofauti ni ya saa moja badala ya miezi sita.

Turudi katika ndege. Namna marubani walivyowaambia abiria habari ile ilitofautiana sana, na katika kumbukumbu za waliokuwamo sehemu hii haifutiki. Wapo marubani waliosema waziwazi. Wapo waliosingizia hitilafu ndogo ya chombo, wakiogopa fitina au fazaa katikati ya bahari, kisha wakasema kweli magurudumu yalipokwisha gusa ardhi. Abiria walichungulia madirishani wakaona ndege nyingine imetua, na nyuma yake nyingine, na nyuma yake nyingine tena, kila moja ya shirika na nchi yake, zimepangana bega kwa bega. Aliyekuwa na shaka juu ya ile hitilafu hakuhitaji tena kuambiwa.

Rubani Beverley Bass, mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha rubani mkuu katika shirika la American Airlines, alikuwa akitoka Paris kwenda Dallas. Ndege yake ilikuwa ya 36 kutua. Naye, kama wenziwe, aliambiwa asimteremshe mtu. Ndege ziliteremshwa watu moja moja, kwa ukaguzi mkali, na baadhi ya abiria walikaa ndani kwa zaidi ya saa 24. Hawakuwa wameona picha yoyote. Walisikia maneno tu: minara, ndege, moto. Kila mmoja alijichorea msiba wake kichwani, na waliosimulia baadaye walisema kuwa walipofika mbele ya televisheni kwa mara ya kwanza, usiku au asubuhi ya pili, chumba kilinyamaza kimya. Dunia nzima ilikuwa imeshayaona yale mara mia. Wao walikuwa watu wa mwisho kuyaona, na ndio waliokuwa karibu zaidi na kuyapata.

Huku chini mji ulikuwa umeanza kazi. Meya Claude Elliott alitangaza hali ya dharura. Madereva wa mabasi ya shule walikuwa katika mgomo. Waliuacha mgomo wao, wakashika usukani. Vyumba vya hoteli vilikuwa vichache mno, na vikatengwa kwa marubani na wahudumu wa ndege, kwa kuwa ndio waliopaswa kupumzika ili waweze kurusha amri itakapotoka. Abiria wakagawiwa shule, makanisa, kumbi za vyama na kambi, na Gander ilipojaa wakapelekwa Gambo, Appleton, Glenwood, Norris Arm na Lewisporte. Mizigo yote ilibaki ndani ya ndege. Watu walishuka na mkoba wa mkononi na nguo walizovaa, na kwa hiyo mahitaji ya kwanza yakawa ya aibu ndogondogo: nguo za ndani, nepi, mswaki, dawa ya shinikizo la damu iliyofungiwa sandukuni. Wauzaji wa dawa wa mji walipiga simu nchi hadi nchi kuwatafuta madaktari wa watu wasiowajua, wakatoa dawa bila malipo. Uwanja wa barafu wa mchezo wa magongo ukageuzwa jokofu la vyakula vilivyopikwa majumbani. Na kwa kuwa ndani ya matumbo ya ndege walikuwamo pia mbwa, paka na sokwe wawili wa jamii ya bonobo waliokuwa wakipelekwa katika bustani ya wanyama huko Ohio, watu wa chama cha huruma kwa wanyama waliingia humo kuwalisha na kuwasafisha.

Haya yamesimuliwa sana, na ni kweli. Kisichosimuliwa vya kutosha ni kisiwa chenyewe kilikuwa katika hali gani. Newfoundland haikuwa nchi ya ukwasi. Tangu kale ilikuwa ikila kwa samaki mmoja, yule wa bahari ya baridi ambaye makamusi yetu humpa jina la chewa, ingawa chewa wa miamba ya Pwani ni samaki mwingine kabisa. Mwezi Julai 1992 serikali ya Kanada ilipiga marufuku uvuvi wake kwa kuwa samaki walikuwa wamekwisha baharini. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi kwa siku moja. Vijana walihama, vijiji vikabaki na wazee. Waliofungua milango mwaka 2001 walikuwa watu ambao miaka tisa nyuma walikuwa wamefungiwa bahari. Huenda aliyewahi kufungiwa humwelewa aliyefungiwa, ingawa hiyo peke yake haitoshi kueleza. Dunia imejaa waliofungiwa ambao nao huwafungia wenzao.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Gander ilikaa na wageni wake siku tatu, nne, wengine hadi tano, na jembe halikutolewa. Ni wageni wenyewe walioanza kulitafuta: wakataka kulipa wakakataliwa, wakaosha vyombo, wakafagia madarasa waliyolala. Wenyeji waliwachukua majumbani mwao wakaoge, wakawaachia funguo za magari. Katika kumbukumbu za abiria, taulo limetajwa mara nyingi kuliko hotuba ya kiongozi yeyote. Mtu asiye na sanduku, asiye na habari, asiyejua ataondoka lini, hukumbuka taulo.

Hata hivyo si wote waliokuwa wakingoja siku ya kuondoka tu. Miongoni mwa abiria alikuwamo mama mmoja wa New York, akitoka Ireland na mumewe. Mwanawe alikuwa askari wa zimamoto. Alijua kuwa mwanawe hakuwa mtu wa kusimama nje ya jengo linaloungua, na simu za nyumbani zilimpa neno moja tu kila siku: hajaonekana. Wakati wengine wakifundishwa nyimbo za kisiwa na kutawazwa wenyeji kwa desturi ya kunywa ramu na kumbusu samaki, mama huyu alikaa karibu na simu. Mwenyeji mmoja wa kike, ambaye naye mwanawe alikuwa zimamoto wa kujitolea pale mjini, alikwenda kukaa naye. Hakuwa na la kumwambia. Alimpeleka kanisani, akamsimulia vichekesho, akarudi tena kesho yake. Kwa adabu za Pwani hilo lina jina: ni kukaa matanga, isipokuwa matanga haya yalikaliwa kabla maiti haijapatikana na kabla mtu hajathubutu kutamka neno kifo.

Kuna na mzee mwingine, wa upande wa wenyeji huyu. Aliposikia kuwa katika wageni yumo rabi wa Kiyahudi, alikwenda kumtafuta. Alimweleza kuwa yeye alizaliwa Poland katika familia ya Kiyahudi, akaletwa Newfoundland akiwa mtoto kabla ya Vita vya Pili, akalelewa na wazazi wengine na kukatazwa kusema asili yake. Alikuwa ameibeba siri hiyo zaidi ya miaka sitini katika kisiwa kisicho na wa kumwambia. Mji uliokuwa ukisaidia wageni uligundua kuwa ndani mwake alikuwamo mmoja aliyekwama tangu utotoni. Katika habari zote za siku zile hakuna inayogusa kuliko hii.

Wapo wanaodhani kuwa ukarimu huo ulizaliwa siku ile. Kisiwa kilikuwa na rekodi yake. Tarehe 18 Februari 1942, manowari mbili za Marekani, Truxtun na Pollux, zilivunjika katika miamba ya kusini ya Newfoundland ndani ya dhoruba. Mabaharia 203 walikufa. 186 waliokolewa na wachimba madini na wavuvi wa St. Lawrence na Lawn, walioteremka majabali kwa kamba. Miongoni mwa waliopandishwa alikuwamo Lanier Phillips, kijana mweusi kutoka Georgia. Wanawake waliowasafisha mabaharia mafuta mazito ya meli walimsugua naye, wakashangaa rangi haitoki, kwani hawakuwahi kumwona mtu mweusi. Walipoelewa, hawakubadili chochote: walimlaza katika kitanda chao, wakamlisha kwa kijiko. Phillips alisimulia maisha yake yote kuwa hapo ndipo kwa mara ya kwanza mzungu alipomtendea kama binadamu. Alikuja kuwa mweusi wa kwanza katika ufundi wa sona wa jeshi la majini la Marekani, akaandamana na Martin Luther King kutoka Selma, na alifariki mwaka 2012. Na Gander yenyewe ilikuwa imeshazika Wamarekani: tarehe 12 Desemba 1985 ndege iliyowabeba askari waliokuwa wakirudi kutoka kulinda amani Sinai ilianguka punde tu baada ya kuruka hapo. Walikufa wote 256, na 248 kati yao walikuwa askari.

Lakini mwandishi wa historia asiwe mshairi wa harusi. Kisiwa hicho hicho kiliwahi kuwa cha watu wa Beothuk, na Shanawdithit, mwanamke anayehesabiwa kuwa wa mwisho wao, alikufa mwaka 1829. Walowezi waliotoka Ireland na Uingereza hawakuwa wageni wema kwao. Na siku ile ile ya Septemba 2001, upande wa pili wa Kanada, mji wa Whitehorse uliwahamisha wanafunzi mashuleni kwa hofu, ndege za kivita zikiisindikiza ndege ya Korea iliyodhaniwa kimakosa kuwa imetekwa. Waziri Mkuu Jean Chrétien alikuwa ameridhia idunguliwe ikibidi. Abiria wa ndege hiyo nao walikuwa wasafiri waliokwama. Umbali baina ya bakuli la supu na kombora ulikuwa mfupi kuliko tunavyopenda kukumbuka. Huku kwetu nako kulikuwa na hesabu yake: mtandao uliopanga mauaji ya New York ndio uliolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998, ambako zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao Waafrika waliokuwa wakipita njia au wakifanya kazi zao.

Kumbukumbu za Gander zilianza kukusanywa mapema. Mwaka 2002 mwandishi wa habari Jim DeFede alitoa kitabu kilichotokana na mahojiano na abiria na wenyeji. Abiria wa Delta namba 15, waliolazwa Lewisporte, walichangishana humo humo ndani ya ndege wakati wa kurudi, wakaanzisha mfuko wa masomo kwa vijana wa mji ule. Mfuko ulikua ukapita dola milioni moja. Shirika la Lufthansa liliipa ndege yake moja jina la Gander na Halifax. Kisha Irene Sankoff na David Hein wakaja Gander mwaka 2011, katika kumbukumbu ya miaka kumi, wakasikiliza watu, wakatunga tamthilia ya nyimbo, Come From Away, iliyofunguliwa Broadway Machi 2017 na kuchezwa hapo hadi Oktoba 2022. Jina lake ni msemo wa kisiwani: ndivyo anavyoitwa kila asiyezaliwa hapo. Mswahili angesema mja, au mtu wa kuja, na angejua kuwa neno hilo laweza kuwa la upole au la kukata, kwa kutegemea sauti.

Tamthilia hiyo ina mahali pawili panapostahili kusemwa. Pa kwanza ni mpishi Mwislamu kutoka Misri, ambaye wenzake wanamwogopa na kumkwepa, na mwishoni anavuliwa nguo kwa ukaguzi kabla ya kupanda ndege. Watungaji wamemweka humo kwa makusudi, na wamefanya vema, kwani bila yeye hadithi ingekuwa halua tupu. Wakati wenziwe walikuwa wakigeuka kutoka wageni kuwa ndugu, yeye alikuwa akigeuka kutoka msafiri kuwa mtuhumiwa, chini ya paa hilo hilo.

Pa pili pana ladha kwa yeyote aliyewahi kufasiri. Basi la shule limesimama gizani. Ndani imo familia ya Kiafrika isiyojua Kiingereza, imejaa hofu, haitaki kushuka. Dereva anamwona mke ana Biblia. Hawezi kuisoma, wala yeye hawezi kumsomea yake. Lakini sura na aya zimepangwa kwa hesabu moja katika lugha zote. Anafungua Wafilipi, sura ya 4, aya ya 6, anaweka kidole. Mke anasoma, anaelewa, wanashuka. Wafasiri hukesha miaka wakitafuta neno litakalovuka kutoka lugha hadi lugha bila kumwaga maji, na hapa dereva wa basi amevusha maana nzima kwa namba mbili na kidole. Ameweza kwa sababu mtu mwingine, asiyetajwa, alishaifanya kazi ile ngumu kabla yake, akaiweka aya hiyo katika lugha ya mwanamke yule.

Anga lilianza kufunguliwa tena tarehe 13, na ndege zikaondoka moja baada ya nyingine. Baadhi ya mashuhuda walisema furaha ya kurudi ilichanganyika na soni: walikuwa wamecheka, wamekula vizuri, wamepata marafiki, katika juma ambalo watu karibu 3,000 walikuwa chini ya vifusi. Mwanamume mmoja Mwingereza na mwanamke mmoja wa Texas waliokutana Gander walioana, na wamesema wazi kuwa ni vigumu kuishukuru siku iliyowakutanisha.

Yule mama alifika New York. Mwanawe alikuwa miongoni mwa askari wa zimamoto 343 waliokufa. Mwenyeji wake wa Gander aliendelea kumpigia simu, na mama akimpigia, kwa miaka mingi baada ya hapo, na mara nyingi simu ilianza kwa kichekesho.